Riba, Ada na Kausha Damu

Hapa kwetu Katindiuka msimu wa kulima mpunga unapokaribia watu hukopa. Aliyekopa kwa mtu wa mtaani husema amechukua kausha damu. Aliyekopa benki hulipa "riba", na aliyekopa kwa simu huambiwa alipe "ada". Kisha wote watatu hutujia kuuliza hukumu, na baadhi ya wenzetu huwajibu kwa kufungua kamusi ya Kiarabu. Njia hiyo hatukubaliani nayo.

Riba asili yake katika Kiarabu ni kuzidi. Fiqhi ikalipa neno hilo maana maalumu, na Kiswahili kikalipokea pamoja na katazo lake. Leo katazo limefifia masikioni: tangu Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania hutangaza "Riba ya Benki Kuu", na msikilizaji husikia bei ya mkopo tu. Faida imekwenda kinyume chake. Mwarabu wa leo akitaja faida ya benki anakusudia hiyo hiyo riba, ilhali kwetu ni pato la biashara. Basi mwenye kutafsiri fatwa neno kwa neno akasema "faida ni haramu" amemtia mkulima mashaka katika pato lake la halali!

Wanachuoni wa usuli walikwisha kutenganisha maana ya lugha, ya sharia na ya urfu, yaani mazoea ya wasemaji. Maneno ya mkataba hufahamika kwa urfu ya waliofunga mkataba, na kinachotazamwa ni walichokusudia.

Sasa tuje kwenye kausha damu. Neno hili halikutungwa na BAKITA, baraza lililoundwa kwa sheria mwaka 1967. Limetoka vinywani mwa wakopaji wenyewe, na anayelisikia mara ya kwanza hahitaji mfasiri. Tunalisifu kwa hilo. Lakini lina kasoro kubwa: limewafanya watu wadhani haramu imo katika ukali peke yake. Anayetozwa ziada ndogo husema, "Mimi sikuchukua kausha damu," akatulia. Ilhali ziada iliyoshurutishwa katika deni, ndogo au kubwa, hukumu yake kwa wanachuoni walio wengi ni moja.

Ada ndiyo ngumu zaidi. Kwa Kiarabu ni mazoea, kwetu ni malipo ya huduma, na huduma yaweza kuwa ya kweli. Baraza la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, liliruhusu mkopeshaji atoze gharama halisi za kuuhudumia mkopo, na kinachozidi hapo likakiharamisha. Kwa hiyo mwenye kufutu asiishie kwenye jina. Amuulize mkopaji: ulipewa kiasi gani, unarudisha kiasi gani, na ukichelewa wiki moja, hiyo ada inaongezeka?