Ngozi ya Ndururu

Sarafu haziji kwa mzee huyu moja moja. Huja ndani ya mkebe wa kahawa au mfuko wa sukari, zimechanganyika na misumari, washa, vifungo vya makoti na funguo zilizopoteza makufuli yake. Wauza skrepu wa Nakuru wanamjua. Wakiokota senti zenye tundu kutoka mashamba ya Njoro, Bahati au Subukia, humwekea pembeni kabla chuma hakijapakiwa kwenye lori, naye huzilipia bei ya chai na mandazi. Zamani alikuwa fundi saa, hadi simu zilipoiua biashara ile, na meza yake ni ileile: ubao uliotandikwa kitambaa cheupe, taa yenye shingo ya kupinda, na ukingo mdogo wa mbao mbele ili kitu kikiteleza kisidondoke sakafuni. Hataki jina lake liandikwe. Watu wakijua, asema, watadhani ana dhahabu.

Akishazimwaga mezani, anakaa. Mikono iko mapajani, macho tu ndiyo yanayotembea. Kisha kidole kimoja kinaanza kuzitenga: zenye ngozi laini ya kahawia au nyeusi upande huu, zilizoganda udongo upande ule, na mbali kabisa, kwenye kisahani cha peke yake, zile zenye madoa ya unga wa kijani mpauko. “Hizo ni wagonjwa,” akaniambia. “Mgonjwa halali na wazima, kijana wangu.”

Nyingi ni za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919 na kuendeshwa kutoka London. Shilingi ilipochukua nafasi ya rupia na florini mwaka 1921, chenji yake ilikuwa senti moja, ndururu ya senti tano, na senti kumi, zote za shaba iliyochanganywa na bati, zote na tundu katikati. Asiyekuwa na mfuko alizitunga kwenye kamba. Fundi wa mkokoteni aliyekosa washa aliifunga ndururu chini ya nati, na ndiyo maana baadhi huja na alama ya duara iliyochimbika kuzunguka tundu. Mzee hazitupi hizo. Anazihesabu kuwa zimefanya kazi mara mbili. Mara chache sana hutokea senti nyepesi ya aluminiamu ya mwaka 1907, jaribio la kabla ya hapo ambalo joto na unyevu wa nchi hizi vililimaliza upesi, na karibu kila mara imeliwa kiasi cha kutosomeka.

Usafishaji huanza na maji, na maji yenyewe ni ya kuchagua. Ya mfereji yana klorini, ya visima vya huku yana madini yake. Yeye hununua maji ya betri kwenye kituo cha mafuta. Husoma chupa mara mbili, maana asidi ya betri hukaa rafu hiyohiyo. Anayamimina katika bakuli za plastiki, kamwe si za bati wala aluminiamu, anazipanga sarafu zisigusane, na juu ya kila bakuli anabandika kikaratasi chenye tarehe. Baada ya siku chache maji yamegeuka rangi ya chai hafifu. Anayamwaga, anaweka mengine, anaandika tarehe mpya. Bakuli moja niliyoonyeshwa ilikuwa na safu ndefu ya tarehe zilizokatwa kwa kalamu. Hakuna linaloonekana kutendeka humo. Udongo unalegea, chumvi inatoka, na mtu mwenye haraka angekuwa ameshachukua limau na jivu.

Wale wagonjwa wana shida nyingine. Chumvi ya kloridi ikiwa imeingia ndani ya shaba, hewa yenye unyevu huiamsha. Hutokea asidi kidogo, asidi hula shaba, unga wa kijani hutoka juu, na kloridi hubaki palepale kuanza upya. Mtu anaweza kuufuta unga huo kila wiki na sarafu ikaendelea kuisha. Dawa ya siku nyingi katika karakana za makumbusho duniani ni kuloweka shaba katika sodiamu seskwikaboneti, na hapa Bonde la Ufa lina kichekesho chake: tabaka gumu linalofunika Ziwa Magadi limeundwa na kitu hichohicho. Nikamuuliza kwa nini asinunue magadi sokoni, yale ya kulainishia githeri. Akatikisa kichwa. Magadi ya sokoni huja na chumvi ya kawaida ndani yake, na chumvi ndiyo adui anayemfukuza. Yeye huukwangua unga mkavu kwa mwiba, hurudisha sarafu kwenye maji safi, na husubiri kwa miezi.

Mwiba ni chombo chake kikuu. Ni wa mgunga, mweupe, mrefu kama kidole cha kati, na kuna mtungi mzima wa miiba hiyo kando ya taa. Mwiba ni mgumu kuliko udongo lakini ni laini kuliko shaba, kwa hiyo ukiteleza hauachi mkwaruzo. Anauchonga ncha kwenye msasa, anaweka lenzi ya fundi saa jichoni, anaitoa sarafu majini na kuishika ukingoni ikiwa bado mbichi. Haanzii kwenye maandishi. Anaanzia mahali patupu, kati ya tundu na herufi, ili apime udongo umeshika kiasi gani na ngozi iliyo chini yake ni ngumu au inamenyeka. Ncha inakwenda nyuzi chache za nywele, inainuliwa, inafutwa kitambaani, inarudi. Anafanya kama mtu anayemtoa mtoto aliyelala kibanzi mguuni. Udongo ukikataa, hausukumi. Sarafu inarudi bakulini.

Nilichojifunza kukitazama si ncha ya mwiba bali mahali anaposimama. Ngozi ile ya kahawia iliyoiva, ambayo wengi huiona uchafu, ni shaba yenyewe iliyobadilika juu polepole kwa miongo, na mistari myembamba ya herufi imo ndani yake. Ukiichubua, herufi zinaondoka nayo. Kati ya udongo wa mwisho na ngozi hakuna hata unene wa karatasi, na mkono wake hukoma hapo. Sarafu iliyosuguliwa ikang'aa kama mpya huiuza kwa bei ya washa, bila kuficha hilo.

Sasa inasomeka. Upande mmoja pembe za ndovu zimepinda kando ya tundu, upande wa pili taji na jina la mfalme. Karibu na mwaka anatafuta herufi ndogo: H ni kiwanda cha Heaton, Birmingham; KN ni Kings Norton; I ni Bombay; SA ni Pretoria. Kisha mizani ndogo ya sonara. Senti kumi ya kabla ya vita kuu ya pili hukaribia gramu 11, na ile nyembamba ya miaka ya vita ni kama gramu 9 na nusu, kwa hiyo namba ya mwaka ikiwa imefutika nusu, uzito hutoa ushahidi.

Anayoipenda zaidi ni ya 1936, nayo si ghali hata kidogo. George wa Tano alifariki Januari mwaka huo, na Edward wa Nane akaacha kiti Desemba kabla Uingereza yenyewe haijatoa sarafu ya matumizi yenye jina lake. Huku kwetu ilikuwa rahisi. Penye tundu hapana pa kuweka sura, hapakuwa na mchongo wa kichwa wa kusubiri, jina likabadilishwa na mashine zikapiga. Mfalme asiyewahi kuwa kwenye peni ya matumizi ya kwao alikuwa kwenye mifuko ya vibarua wa mashamba ya Njoro.

Kwenye kisanduku chake kuna geni moja, zawadi ya mteja: shaba ndogo ya ufalme wa kale wa Wanabati wa Petra, ya enzi ya Aretas wa Nne aliyetawala mpaka mwaka 40 BK. Mfalme na malkia wake Shaqilath wametazama upande mmoja, na nyuma pembe mbili za neema zimepishana. Zilipigwa kwa wingi, zikachakaa kwa wingi, na hadi leo hununuliwa kwa bei nafuu. Nayo aliisafisha kwa mwiba uleule wa mgunga. Kwa vya kale vya hapa nchini ana mpaka: sheria ya makumbusho ya 2006 inavilinda vitu vya kabla ya 1895, na mtu akimletea kitu alichochimbua karibu na eneo la kale la Hyrax Hill, humwelekeza makumbusho na kuendelea na kazi.

Mwishoni sarafu hukaushwa chini ya taa, saa kadhaa, ikigeuzwa mara kwa mara ili tundu lisibaki na unyevu. Tone moja la mafuta ya cherehani hupakwa kwa kidole na kufutwa karibu lote. Bahasha ya karatasi, si plastiki, na juu yake kwa penseli: mfalme, mwaka, herufi, uzito, shamba ilikotoka kama linajulikana. Senti za Kenya za 1966 na baadaye, zisizo na tundu, humpa mjukuu.

Mvua za Aprili zikianza, anazifungua bahasha zote tena, moja moja, chini ya lenzi. Ikionekana chembe ya kijani mpauko, anatoa bakuli, anafungua maji ya betri, na anaandika tarehe.