"Kunywa kistaarabu" ni chupa ngapi?

Tazama tangazo lolote la bia hapa Dodoma, halafu shuka mpaka chini, kwenye maandishi madogo. Utakuta maneno unayoyajua: kunywa kistaarabu, haiuzwi kwa walio chini ya miaka 18. Hilo la pili lina namba, linaeleweka. La kwanza ndilo nataka tulibane kidogo. Kistaarabu ni chupa ngapi? Kwa muda gani?

Kasoro ya kwanza ya ujumbe huu ni kwamba haupimiki. Hakuna mnywaji anayejiona si mstaarabu. Mlevi siku zote ni yule wa meza ya pili. Sasa jaribu hesabu hii: zidisha mililita kwa asilimia ya kilevi, gawanya kwa 100, zidisha kwa 0.8. Unapata gramu za kilevi chenyewe. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ni gramu 20. Mililita 200 za Konyagi ya asilimia 35 ni gramu 56, karibu bia tatu ndani ya kichupa cha mfukoni. Chupa ya mvinyo wa zabibu zetu, mililita 750 kwa asilimia 12, ni gramu 72. Mwili wa mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kwa hiyo bia mbili tu zinahitaji masaa manne hadi sita, na kahawa haiharakishi chochote.

Kasoro ya pili: ujumbe unakupa tabia, haukupi kitendo. Kijana wa miaka 22 haogopi sana ini la miaka 30 ijayo. Anachoogopa ni cha leo usiku: kuzima, kupoteza simu, kujikuta kwenye status za watu, kupanda bodaboda ya dereva aliyelewa mpaka Ng'ong'ona. Dada naye anawaza nani atamfikisha nyumbani salama. Hizo ndizo sababu zinazomsogeza mtu, na kila moja ina kitendo chake: kula kwanza, kunywa maji kati ya chupa na chupa, kupanga usafiri kabla ya kuanza, kuondoka na mliokuja nao. Watafiti huziita mbinu za kujikinga. Hazihitaji ustaarabu, zinahitaji mpango.

Kuna wanaosema dawa ni kuwaambia wanachuo kwamba wenzao hawanywi kama wanavyodhani. Wazo lina msingi: Perkins na Berkowitz walionesha mwaka 1986 huko Marekani kwamba wanafunzi hukadiria unywaji wa wenzao kuliko ulivyo. Lakini mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015 yalikuta kampeni za namna hii zinabadilisha unywaji kidogo mno. Kwa hiyo tukibandika mabango ya aina hiyo UDOM, tusitegemee miujiza.

Kasoro ya tatu ndiyo kubwa: mzigo wote umewekwa kwa mnywaji. Kwenye meza ya raundi, anayekunywa taratibu anaonekana anabania, na ofa inamfuata asipoitaka. Serikali ilipopiga marufuku viroba kuanzia Machi 1, 2017, haikumwomba mtu awe mstaarabu. Iliondoa pombe kali, ya bei chee, ya mfukoni. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri kodi, kupunguza upatikanaji na kubana matangazo. Neno "kistaarabu" linakwepa yote hayo, na linaficha pia kauli ya Shirika hilo ya Januari 2023: hakuna kiasi cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Kuna kupunguza hatari tu.

Kama ni lazima pawepo maandishi madogo, yaandikwe gramu. Mpaka hapo, tumia kifaa ambacho baa zetu tayari zinacho. Kwenye meza nyingi chupa tupu haziondolewi mpaka bili ilipwe, ili mhudumu ahesabu hela yake. Na wewe hesabu gramu zako kwenye chupa hizo hizo, kabla hujaitikia raundi inayofuata.