Leja, Mizani na Kigoda

Lalamiko kuhusu kituo cha wazee linapofika ofisi ya ustawi wa jamii huwa fupi: mama amekonda, au usiku tukiita hakuna anayeitika. Afisa mzoefu huliandika kwenye rejista kwa maneno yaleyale ya mlalamikaji, pamoja na tarehe na saa. "Amekonda" haigeuki kuwa "ananyimwa chakula". Jina la mlalamikaji linabaki ofisini, kwa sababu likivuja atakayeumia ni mzee aliyelala kitandani.

Mkoani Singida yapo makazi ya wazee ya serikali Sukamahela, wilayani Manyoni. Kwingineko nchini vipo pia vituo vya mashirika ya dini. Simnyooshei kidole yeyote. Ninachokisifu ni kazi yenyewe ya ukaguzi inapofanywa vizuri.

Hufanywa bila taarifa, asubuhi, kabla ya uji. Afisa anaanzia stoo. Anaomba leja, anahesabu wazee waliopo, anazidisha. Tuseme wako 30 na kila mmoja amepangiwa nusu kilo ya unga kwa siku: kilo 15, kwa siku kumi kilo 150. Kisha anaweka kilichobaki kwenye mizani. Pungufu la kilo mbili tatu ni panya na kumwagika. Pungufu la magunia mawili lina miguu.

Daftari la dawa analisoma kwa jicho jingine. Tiki za mwezi mzima zenye wino mmoja na mwinamo mmoja zimejazwa kwa kikao kimoja. Daftari la kweli lina madoa ya chai, kalamu ya bluu leo na nyeusi kesho, na saini za zamu ya usiku zilizoandikwa kwa usingizi. Hasemi kitu. Anamwaga vidonge kwenye sahani, anahesabu, anatoa, anaandika jibu.

Halafu wazee. Hapa ndipo haraka huharibu kila kitu. Anavuta kigoda akae chini ya usawa wa macho ya mzee, anamwamkia, anangoja marahaba. Wapo ambao Kiswahili chao kimepungua, wamerudi kwenye Kinyaturu, Kinyiramba au Kigogo. Mkalimani hatoki miongoni mwa wahudumu: nani atamsema mlishaji wake kwa kinywa cha mlishaji huyohuyo? Wala afisa hamuulizi, "Bibi, wanakunyanyasa?" Anauliza, "Bibi, jana jioni mlikula nini? Nani alikuletea maji?" Bibi ananyamaza, anazungumzia alizeti za shamba lake la zamani, anazunguka hadi kwenye mvua. Afisa anamfuata huko kote bila kutazama saa. Katikati ya mvua, neno linatoka: maji huja asubuhi tu.

Kwa ridhaa ya bibi, muuguzi anamtazama mgongo wa chini, nyonga na visigino, mahali vidonda vya kulalia huanzia. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili. Kwa aliyewahi kuugua ukoma nyayo hukaguliwa hata akisema hazimuumi, maana ganzi huficha kidonda.

Wahudumu nao husikilizwa, mmoja mmoja, mlango umefungwa. Rosta ikionyesha mtu mmoja kwa mabweni matatu usiku kucha, huenda mkosaji ni aliyeipanga na si aliyesinzia.

Ripoti nzuri hutenganisha nilichokiona, nilichoambiwa na ninachokidhani. Nimezithamini zaidi zile zinazokiri kwamba jambo halikuthibitika. Kisha afisa hurudi tena bila taarifa, saa ya usiku, kutazama kama maji yako kando ya kitanda.

Msomaji, ukiwa na mzee kituoni na umeona jambo, andika siku, saa na ulichokiona, ukipeleke kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo hupokea malalamiko, bila malipo.