Meza ya Chakula na Mashine ya Kunasa: Mazungumzo kama Utunzi katika Shajara ya Adolfo Bioy Casares kuhusu Borges

Utangulizi

Mwaka 2006 kilichapishwa nchini Hispania kitabu chenye zaidi ya kurasa 1600 na jina la neno moja tu: Borges. Kilihaririwa na Daniel Martino kutokana na shajara za mwanariwaya wa Argentina, Adolfo Bioy Casares (1914–1999). Kiini chake ni maongezi ya mwanariwaya huyo na rafiki yake Jorge Luis Borges (1899–1986), yaliyofanyika jijini Buenos Aires, mara nyingi baada ya chakula cha usiku, kwa muda wa miongo kadhaa. Kumbukumbu nyingi huanza kwa taarifa kavu kwamba usiku huo Borges alikula nyumbani kwa akina Bioy. Kisha huja vitabu, filamu, picha za wachoraji, beti za washairi waliokufa zamani, na makosa ya waandishi waliokuwa bado hai.

Tangu kitoke, kitabu hicho kimetumiwa zaidi kama ghala la maoni ya Borges. Mtafiti anayetaka kujua Borges alimwonaje Goethe au Ernesto Sabato hufungua ukurasa, huchota kauli, hufunga. Makala haya yanayatilia shaka matumizi hayo. Hoja yetu ni kwamba kitabu hiki ni utunzi wa Bioy kabla hakijawa ushahidi juu ya Borges, na kwamba ufunguo wa kukisoma uliwekwa na Bioy mwenyewe mwaka 1940, alipochapisha riwaya ya La invención de Morel, inayomhusu mtu anayewanasa marafiki zake bila kuwaomba ruhusa.

Suala hili haliwahusu Waargentina peke yao. Tasnifu za fasihi ya Kiswahili nazo hutegemea mahojiano na watunzi, na si mara moja kauli aliyoitoa mtunzi akiwa amejipumzisha na kikombe cha kahawa imegeuzwa kuwa nyundo ya kufungia mjadala kuhusu maana ya riwaya yake. Tofauti ni kwamba sisi huwa na fomu ya ridhaa.

Meza kama karakana

Ni kosa kuyafikiria maongezi haya kama mapumziko ya watu waliokwisha kumaliza kazi. Walipofahamiana mwanzoni mwa miaka ya 1930, Borges alikuwa amemzidi Bioy umri kwa miaka 15. Kazi yao ya kwanza ya pamoja haikuwa ya fasihi. Ilikuwa kijitabu cha kusifu faida za maziwa mgando, kilichoagizwa na kampuni ya maziwa ya ukoo wa mama yake Bioy katikati ya miaka ya 1930. Waliiandika kazi hiyo wakiwa wamejifungia katika nyumba baridi ya shambani huko Pardo, na baadaye Bioy alikiri kwamba wiki ile ilimfunza uandishi kuliko masomo yake yote ya awali. Ushuhuda huo tunaupa uzito, kwa kuwa unaonyesha kwamba maongezi yao tangu mwanzo yalikuwa na kalamu ndani yake.

Mwaka 1940 wawili hao, pamoja na Silvina Ocampo aliyeolewa na Bioy mwaka huohuo, walitoa antolojia ya fasihi ya kifantasia. Miaka miwili baadaye ilitoka Seis problemas para don Isidro Parodi, kazi ya Borges na Bioy iliyotiwa jina la mtunzi wa kubuni, H. Bustos Domecq. Parodi ni mpelelezi wa ajabu. Amefungwa katika chumba namba 273 cha gereza, na hawezi kwenda popote penye tukio. Watu humjia, humwaga maneno, naye hutegua fumbo kwa kusikiliza tu. Wahakiki wameiona hali hiyo kama dhihaka ya riwaya ya upelelezi, na ni kweli. Lakini tuitazame upande wa pili: hapa kuna mhusika ambaye ulimwengu wote unamfikia kupitia midomo ya wageni. Borges alipokuwa kipofu, katikati ya miaka ya 1950, alikuwa amekwisha kushiriki kumbuni mtu atakayefanana naye.

Upofu huo unabadili hadhi ya mazungumzo. Katika miaka ya 1930 na 1940 Borges alikuwa mhakiki wa filamu katika jarida la Sur, na mwaka 1941 aliihakiki Citizen Kane. Baada ya macho kufifia aliendelea kwenda sinema, akiisikiliza filamu na kusimuliwa na aliyeketi kando yake. Vitabu alisomewa. Kwa mtu wa namna hiyo, kuzungumza juu ya filamu hakuji baada ya kuitazama. Kuzungumza ndiko kuitazama kwenyewe. Kwa hiyo anapotoa hukumu juu ya picha au sinema katika shajara, tujiulize kwanza ni nani aliyemwonesha kitu anachokihukumu. Mara nyingi ni yule yule aliyeishika kalamu usiku huo.

Matunda ya karakana hiyo yalifika kwenye sinema yenyewe. Mwaka 1955 walichapisha pamoja miswada miwili ya filamu, na mwaka 1969 Hugo Santiago aliongoza Invasión, filamu iliyotokana na kisa walichokibuni wao wawili. Ni hadithi ya kundi dogo la wanaume wanaoulinda mji wa Aquilea dhidi ya wavamizi. Hatutaisema zaidi hapa.

Usimulizi unaojificha

Kifani, shajara hii inakaribia tamthilia. Majina ya wazungumzaji huandikwa kwa herufi kubwa, kisha hufuata kauli, kisha jibu. Maelezo ya mandhari ni haba. Msomaji hupata hisia kwamba hakuna msimulizi, kwamba amekaa mezani na kuyasikia maneno kwa sikio lake. Hisia hiyo ndiyo kazi ya msimulizi. Jioni moja ya saa kadhaa hutoa nusu ukurasa wa maandishi. Kilichobaki kimekatwa, na mkono uliokata hauonekani.

Kinachopotea kwanza ni kicheko. Hukumu kali zilizowaudhi wasomaji wengi mwaka 2006, hasa zile juu ya Sabato na waandishi wengine wa rika lao, zilitamkwa na marafiki wawili waliokuwa na mchezo wa miaka mingi wa kushindana kukejeli. Anayeijua baraza anafahamu kwamba neno linalosemwa pale jioni haliwi lilelile likipelekwa kwa kadhi asubuhi. Sisemi kwamba kejeli hizo hazikuwa na ukatili. Zilikuwa nao, na kurasa kadhaa zinachosha kwa sababu hiyo. Ninachosema ni kwamba toni ndiyo iliyobeba nusu ya maana, nayo haikuandikwa. María Kodama, mjane wa Borges, hakuficha kutoridhika kwake na kitabu hiki. Mtu anaweza kumpinga kwa mengi, lakini swali lililomo katika lawama zake ni la haki: aliyenukuliwa alipata wapi nafasi ya kusahihisha? Kitabu kilitoka miaka 20 baada ya kifo chake, na hata alipokuwa hai asingeweza kuyasoma yaliyoandikwa kwa macho yake mwenyewe.

Mtetezi wa shajara atajibu kwamba hakuna awezaye kubuni kurasa 1600 kwa sauti ya Borges. Jibu hilo lina nguvu, na hatudai kwamba Bioy alizua. Hata hivyo, limesahau Bustos Domecq. Kwa miaka mingi Bioy alifanya mazoezi ya kutunga sentensi ambazo yeye na Borges hawakuweza tena kuzigawana, wala kusema hii yangu, hii yako. Kati ya watu wote, yeye ndiye aliyestahili zaidi kuaminiwa kuirudia sauti ya Borges, na kwa sababu hiyohiyo ndiye ambaye angeweza kuisahihisha bila hata kujua kwamba ameisahihisha.

Ulinganisho wa kawaida ni ule wa James Boswell, aliyechapisha maisha ya Samuel Johnson mwaka 1791. Unafaa kwa kiasi. Boswell alikuwa mfuasi, ilhali Bioy alikuwa mshirika wa kazi. Johnson tena aliyajua makusudi ya Boswell. Lakini liko jambo moja ambalo ulinganisho huu unalileta nalo halipaswi kuachwa. Mwaka 1966 Borges alifundisha kozi ya fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Buenos Aires, na mihadhara hiyo ilikuja kuchapishwa mwaka 2000. Alipofika kwa Boswell alijadili rai kwamba mtu huyu hakuwa karani mjinga aliyebahatika, bali msanii aliyemuumba Johnson kama mhusika wa tamthilia, na kwamba ujinga anaojipa Boswell kitabuni unaweza kuwa sehemu ya sanaa yake. Nadharia ya kusoma kitabu cha 2006 ilikwisha kutolewa darasani, miaka 40 kabla, na mtu aliyekuwa akiandikwa ndani yake.

Mashine ya Morel

Sasa turejee kwenye riwaya. La invención de Morel ilitoka Bioy akiwa na umri wa miaka 26, na dibaji yake iliandikwa na Borges. Mtoro mmoja amejificha kisiwani. Ghafla kisiwa kinajaa wageni wanaocheza dansi, wanaoogelea, wanaozungumza mambo ya kifahari, na hawamjali kabisa. Anampenda mmoja wao, Faustine, lakini mwanamke huyo hamwoni. Polepole anagundua kwamba watu hao ni taswira. Morel aliwaalika marafiki zake kisiwani kwa wiki moja na kuwanasa kwa mashine inayohifadhi sura, sauti, harufu na mguso, ili waendelee kuwa pamoja milele. Aliwaarifu baada ya kuwanasa. Na mashine huwaua inaowanasa.

Bioy alisema kwamba Faustine alichipuka kutokana na mapenzi yake kwa mwigizaji wa filamu Louise Brooks, na kwa hiyo riwaya hii husomwa kama riwaya ya sinema. Usomaji huo ni sahihi ila haujafika mwisho. Kinachonaswa kisiwani ni wiki ya maongezi ya marafiki. Mtoro huyasikia yaleyale kila wiki, na mwanzoni hudhani yana jambo jipya. Morel anajitetea kwamba amewapa wenzake umilele. Riwaya haimkatalii moja kwa moja, wala haimsamehe.

Mwaka 1947 ndipo Bioy alipoanza kuyaandika maongezi hayo kwa utaratibu. Aliyeionya dunia kwa riwaya juu ya mashine hiyo alikaa chini na kuijenga kwa karatasi na wino. Mfanano ulio muhimu zaidi, kwa maoni yetu, hauko kwa Morel bali kwa mtoro. Mwishoni mwa riwaya anajifunza mienendo ya Faustine kwa wiki kadhaa, kisha anajinasa mwenyewe akiwa kando yake, akipanga maneno na ishara zake ziingiliane na za mwanamke huyo, ili atakayetazama baadaye aamini kwamba walizungumza. Ndivyo Bioy anavyojiweka katika shajara. Majibu yake ni mafupi, huja mahali panapofaa, na humwacha Borges ang'ae. Je, jioni ile alijibu hivyo, au jibu lilipatikana usiku, mgeni alipokwisha kuondoka? Mwandishi wa riwaya ya 1940 alijua kwamba mtazamaji hatakuwa na njia ya kutofautisha.

Aliyekaa mezani

Kipimo kigumu zaidi cha mashine ni yule ambaye haikumnasa vyema. Silvina Ocampo alikuwa mezani. Alijifunza uchoraji mjini Paris kwa Giorgio de Chirico na Fernand Léger kabla ya kuwa mwandishi. Alitoa mkusanyo wake wa kwanza wa hadithi mwaka 1937. Mwaka 1946 aliandika riwaya ya upelelezi pamoja na Bioy. Palipokuwa na suala la picha, rangi au mstari wa mchoro, yeye ndiye aliyekuwa na elimu ya mkono. Katika kurasa za maongezi sauti yake husikika kwa nadra, na akisikika mara nyingi ni ya mwenyeji wa nyumba. Mtafiti anayeitumia shajara kama ushahidi atahitimisha kwamba Silvina hakuwa na la kusema juu ya sanaa. Anayeisoma kama utunzi atauliza ni kwa nini tamthilia hii iliandikiwa watu wawili, huku wa tatu akiwa amekaa palepale.

Juni 1986 Borges alifariki Geneva. Bioy hakuwa naye. Anasimulia kwamba alipata habari hiyo mtaani, karibu na kibanda cha magazeti, kutoka kwa kijana asiyemfahamu, kisha akaendelea kutembea akizihesabu zile kuwa hatua zake za kwanza katika dunia isiyo na Borges. Ni kumbukumbu fupi, na kwa mara moja haina mzungumzaji wa pili wa kumwandikia jibu. Kurasa haziishii hapo. Zinaendelea hadi mwaka 1989, zikikusanya yanayosemwa na wengine juu ya marehemu.