Samaki wa Mwaka Mmoja au Samaki wa Masika?

Mfasiri wa maandishi ya ufugaji wa samaki wa mapambo hushawishika kuwaita samaki wa jenasi ya Nothobranchius "samaki wa mwaka mmoja", kwa kuifuata istilahi ya kigeni neno kwa neno. Istilahi hiyo ni fupi na yatamkika vyema; hata hivyo, twaona kuwa inapotosha.

Tuchukue mfano wa Nothobranchius kilomberoensis, aliyepewa jina hilo la kitaalamu mwaka 2002 kutokana na Bonde la Kilombero, ulipo mji wa Ifakara. Samaki huyu mdogo, apendwaye kwa rangi za madume yake, huishi katika vidimbwi vijazwavyo na mvua. Hukua upesi na kutaga matopeni. Kidimbwi kikaukapo yeye hufa, ila mayai hubaki topeni hadi mvua irudipo. Kinachotawala uhai wake ni majira, si kalenda. Istilahi imetaja hesabu, ikaacha sababu.

Madhara yake ni dhahiri. Mfugaji aongozwaye na jina hilo hatambui kwamba mayai yahitaji kipindi cha ukavu. Atayaacha majini, akikose kizazi kijacho.

Twapendekeza "samaki wa masika". Lakini hata pendekezo hili lisipitishwe kabla ya kuwauliza Wandamba na Wapogoro, wenyeji wa bonde hilo. Iwapo lugha zao zina jina, na litwaliwe hilo kwanza.