Do na So bila Mi: siri ya pawa kodi

Spika ya kwaya yetu hapa Talatala ilichanika katikati ya mazoezi, na kila kodi kamili niliyopiga kwenye gitaa ikatoka kama uji uliovurugika. Nilipopiga nyuzi mbili tu, wa sita na wa tano, sauti ilitoka nzito na safi. Kwa nini nyuzi mbili zishinde sita?

Wanakwaya wanaosoma solfa wataelewa upesi. Kodi ya E meja ni do, mi na so. Pawa kodi, yaani hiyo ya nyuzi mbili, huiacha mi. Uzi wa sita ukiwa wazi hutetemeka mara 82.4 kwa sekunde, na wa tano ukibanwa freti ya pili hutetemeka mara 123.5. Spika iliyochanika, au amplifaya iliyozidiwa, huzaa sauti ambazo hakuna aliyezipiga, mojawapo ikiwa tofauti ya hizo mbili: 41.1, yaani karibu nusu ya 82.4. Hiyo ni do ileile, oktava moja chini, kana kwamba mpiga besi ameingia. Ukirudisha mi, ambayo kwenye kodi kamili iko uzi wa tatu na ina 207.7, zinazaliwa tofauti nyingine mbili, kama 125.3 na 84.2. Zinakaribia 123.5 na 82.4 bila kulingana nazo, zinakwaruzana, na huo ndio uji niliousikia.

Mwaka 1964 Dave Davies, mpiga gitaa wa bendi ya The Kinks ya Uingereza, aliichana spika yake kwa wembe makusudi, akiutafuta ukali huo. Ng'ambo ya Tunduma, nchini Zambia, miaka ya 1970, bendi za WITCH na Ngozi Family waliujengea muziki mzima, Zamrock. Gitaa la Mtanzania Mbaraka Mwinshehe ni jambo jingine kabisa: kule kila uzi unasema neno lake, na pawa kodi ingeuziba mdomo.

Mi ndiyo inayotuambia kama wimbo ni meja au maina, na wapo wanaoona kuiacha ni kuunyima wimbo moyo wake. Kwenye kwaya siwaungi mkono. Mi imo tayari midomoni mwa alto au teno. Gitaa likiisema tena kwa sauti chafu linawafunika waimbaji.

Kazi kubwa iko mkononi. Kidole cha shahada kinabana uzi wa sita, cha pete uzi wa tano freti mbili mbele, kila kimoja karibu na chuma cha freti. Umbo hilo halibadiliki: freti ya 1 ni F, ya 3 ni G, ya 5 ni A. Wanaoanza hukaza mkono mpaka unauma, huku nyuzi nyingine zikilia ovyo. Laza tumbo la kidole cha shahada juu ya nyuzi nne zilizobaki, uziguse bila kuzibana.

Kabla ya kuwasha amplifaya, piga F, G, A polepole na gitaa likiwa kavu. Uzi wowote wa ziada ukisikika, rudia kwanza.