Folda Zisizokuwepo: Mfumo wa Mafaili Tulioujaribu Shanwe

Kijana wa kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye memori kadi hapa Shanwe, Mpanda, ana flashi iliyojaa nyimbo zenye majina kama "Track 07". Mteja akitaka za msanii fulani, kijana huzifungua moja moja mpaka masikio yamchoke. Kuzipanga upya ni kazi ya kutwa. Tukaamua kumtengenezea folda ambazo kwa kweli hazipo.

Kwenye Linux, mafaili husimamiwa na kerneli, kiini cha mfumo endeshi, na kosa dogo humo laweza kuangusha mashine nzima. FUSE, iliyoingia kwenye Linux 2.6.14 mwaka 2005, inakuwezesha kuandika mfumo wa mafaili kama programu ya kawaida. Kicheza muziki kinaomba faili, kerneli inapitisha ombi kwenye mlango wa /dev/fuse, programu yetu inajibu, jibu linarudi kwa njia ileile. Kicheza muziki hakijui kimejibiwa na nani.

Programu yetu ya Python husoma jina la msanii lililoandikwa ndani ya kila MP3, kisha huonyesha folda ya kila msanii. Sauti inachotwa palepale kwenye flashi. Maswali ya kujibu yalikuwa manne tu: humu mna nini, faili hili likoje, fungua, soma.

Hilo la pili lilitutoa jasho. Folda zilionekana vizuri, nyimbo zikawa kimya. Kumbe tulijibu kwamba kila faili lina baiti 0, tukidhani ni jambo la kujazia baadaye. Kerneli ikatuamini: faili la baiti 0 halina cha kusomwa, basi ombi la kusoma halikutufikia kabisa. Tulipotaja ukubwa halisi, muziki ukalia.

Mpanda iliishi miaka mingi kwa umeme wa jenereta za dizeli, kwa hiyo mtu wa huku hupima kitu kwa kukizima ghafla. Wimbo ukiendelea, tuliiua programu kwa `kill -9`. Wimbo ukakatika, folda ikagoma kufunguka, lakini kompyuta haikutikisika. Flashi nayo ilikuwa salama, maana tuliruhusu kusoma tu. Tukaibandua folda kwa `fusermount -u`, tukawasha programu upya, basi.

Gharama ipo: kila ombi linavuka kerneli kwenda na kurudi. Kwa wimbo si kitu, kwa hifadhidata yenye pilika utaumia. Android iliiacha FUSE toleo la 8, ikairudia toleo la 11 mwaka 2020 ili kuzibana programu zinazochungulia mafaili ya watu, kisha toleo la 12 likaongeza njia ya mkato ya kusoma na kuandika. Simu nyingi zinazoletwa pale kibandani tayari zinatumia FUSE.

Ukitaka kujaribu kwako, anza na kusoma tu. Kuandika kusubiri mpaka uwe na nakala ya flashi nzima.